Mkinifanyia siku yangu, mleteni na mwenzangu

Wajukuu zangu, na ninyi wengine wote mliojaliwa kuwa na bibi aliye hai,

Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba.

Nasikia mnapanga tena siku ya bibi. Ya mwaka jana niliifurahia, ila kuna neno nililimeza siku ile, leo nalitema. Mlinikalisha katikati kama mgeni rasmi, kila aliyeingia akapiga picha nami, muziki ukawashwa, kisha mkarudi kwenye simu zenu na mazungumzo ya rika lenu. Mimi nikabaki natabasamu hadi mashavu yakaniuma.

Aliyeniokoa ni yule mwenzangu wa tangu usichana, ambaye hakuna kati yenu aliyemwalika. Nilimpigia simu mwenyewe. Alipoingia aliniita kwa jina la utani ambalo ninyi hamlijui, wala sitawaambia. Tulicheka mpaka mmoja wenu akaja mbio kuuliza kama nimepaliwa. Kwenu ninyi ni kama nilizaliwa tayari bibi. Yeye ananijua kabla ya babu yenu na kabla ya miwani, nilipokuwa mbishi nisiyeambilika. Waliokuwa wakiniita jina lile wametangulia mmoja mmoja, amebaki yeye. Naye akiondoka, yule msichana hana tena shahidi.

Kwa hiyo mnapompangia mzee siku yake, kwanza muulizeni anatamani kumwona nani. Damu ni damu, sibishani na hilo. Lakini mjukuu, hata awe mwema vipi, hawezi kukaa kwenye nafasi ya rafiki.

Halafu maswali yenu. Mkiniuliza juzi nilifanya nini nikababaika, nawaona mnavyotupiana macho. Wanaochunguza kumbukumbu wamegundua kwamba mtu mzima akiombwa asimulie maisha yake, mengi yanayomjia ni ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Basi niulizeni ya huko: kazi ya kwanza, safari ya kwanza peke yangu, nani alinililia na nani nilimlilia mimi. Na nikirudia kisa, msinikate kwa "bibi, ulishatuambia". Zamani hata madaktari wengi walidhani mzee anayezungumza sana ya kale akili imeanza kumtoka, mpaka mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, alipoandika kwamba huko ni kuyapitia upya maisha ili mtu apatane nayo. Namuunga mkono, ingawa mara nyingine nimesahau tu kwamba nilishasimulia.

Muziki punguzeni. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba: "s" na "f" huyeyuka, na watu wakisema kwa pamoja nasikia mvumo tu. Kunipigia kelele hakusaidii. Kaa mbele yangu nione midomo yako, useme taratibu.

Albamu pia ije, ila safari hii pawe na mtu mwenye penseli laini. Aandike majina nyuma ya kila picha, pembeni, bila kukandamiza. Wino huweza kupenya na kuchafua. Iko picha ya wasichana watano. Wawili ni sisi, na wale watatu hakuna mwingine anayejua majina yao. Tukishaanza kubishana nani alisimama wapi, msituamue. Washeni simu irekodi, mkae kimya.

Mwenzangu goti linamsumbua, ngazi hawezi tena. Mmoja wenu amfuate kwake asubuhi, kabla hamjaja kunichukua mimi. Na kile kiti cha katikati kiondoeni. Tuwekeeni viwili, karibu na dirisha.

Ni mimi,
Bibi yenu