Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa sauti ya tatu

Mdogo wangu,

Mama ameniambia umeacha masomo ya nota. Eti mwalimu anakuchosha, na kwa vile ukisimama kuimba kanisa zima linatulia, huoni kwa nini Jumamosi yako iishie kwenye kinanda. Mimi niko mbali, siwezi kukushika mkono nikurudishe darasani. Ila acha nikusimulie habari za Fritz Wunderlich, yule mwimbaji Mjerumani wa sauti ya tatu, yaani tena, niliyekutumia rekodi yake ukanijibu, "Huyu alizaliwa nayo."

Alizaliwa nayo, sikatai. Alizaliwa Kusel, mji mdogo magharibi mwa Ujerumani, tarehe 26 Septemba 1930. Baba yake aliongoza okestra, mama yake alipiga fidla. Kisha baba akapoteza kazi, na mwaka 1935 akajiua. Mama akabaki na watoto, akawalea kwa kufundisha watu muziki. Fritz alipokua kidogo akaenda kufanya kazi kwenye bekari. Nyumba ile haikuwa na hela, lakini muziki haukuwahi kukatika.

Alipofika chuo cha muziki cha Freiburg hakusomea kuimba peke yake. Alipiga pia pembe ya shaba, ile ndefu iliyojiviringa kama konokono, na pembe hiyo haina huruma: pumzi ikiyumba kidogo tu, ukumbi wote unasikia. Usiku alikuwa kwenye bendi za dansi, mara kodiani, mara tarumbeta, mara anaimba, ili apate ada. Sasa rudia ile rekodi usikilize anavyobeba sentensi ndefu ya Mozart hadi mwisho bila kuhema. Wewe unaita kipaji. Mimi naisikia ile pembe.

Jumba la opera la Stuttgart, yaani la michezo inayoigizwa kwa kuimba, lilimchukua mwaka 1955, akaanza na nafasi ndogo ndogo. Nafasi kubwa ilikuja pale mwimbaji aliyepangiwa kuwa Tamino, yule mwana wa mfalme katika opera ya Mozart iitwayo Die Zauberflöte, aliposhindwa kupanda jukwaani. Kijana akaingia badala yake, na kwa kuwa kazi aliijua, hakutoka tena. Mwaka 1960 akahamia opera ya München. Hayo utayasoma popote, siyarefushi.

Ninachotaka ukitazame ni alichofanya baada ya kupata jina. Nyimbo za Schubert na Schumann, zile za mwimbaji mmoja na piano bila vazi wala pazia, alizigeukia kwa dhati akiwa tayari ni mtu mkubwa wa opera. Akamtafuta Hubert Giesen, mpiga piano aliyemzidi zaidi ya miaka 30, akakaa naye kama mwanafunzi. Tikiti zake zinagombewa, naye anajifunza upya namna ya kutamka shairi! Dichterliebe, ule mfululizo wa nyimbo za Schumann waliorekodi pamoja, ndiyo ninayoirudia kuliko opera zake zote. Pale halazimishi kitu. Anakwambia tu, na wewe unaamini.

Jambo jingine, maana najua utauliza: mbona hata nyimbo za Tchaikovsky, yule mtunzi Mrusi, anaziimba kwa Kijerumani? Ndiyo ulikuwa utaratibu wa majumba mengi ya opera kule enzi zake, msikilizaji aelewe kinachosemwa. Wako wanaokereka. Mimi wimbo wa Lensky, yule kijana mshairi katika opera ya Tchaikovsky iitwayo Eugene Onegin, kabla ya kupigana bastola naupenda hivyo hivyo, kwa Kijerumani chake.

Tarehe 4 Septemba 1966 aliimba Edinburgh, Uskoti, na Giesen. Siku chache baadaye alikuwa kwenye nyumba ya rafiki huko Oberderdingen, Ujerumani, mapumziko ya kuwinda, akaanguka ngazini. Alifia Heidelberg tarehe 17, zikiwa zimebaki siku tisa atimize miaka 36. Mkewe Eva, mpiga kinubi, akabaki na watoto watatu. Oktoba hiyo hiyo alikuwa aimbe kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, New York, kama Don Ottavio katika Don Giovanni ya Mozart. Wamarekani hawakumwona kwenye jukwaa lile.

Alikuwa pia hajamaliza kurekodi Die Schöpfung, kazi ya Haydn ya kwaya na okestra kuhusu uumbaji, chini ya kiongozi wa okestra Karajan. Nyimbo zenyewe zilikuwa tayari; zilizobaki ni zile sehemu za kusimulia kati ya wimbo na wimbo. Wakamwita mwimbaji mwingine wa sauti ya tatu, Werner Krenn, azijaze, na rekodi ikatoka hivyo, watu wawili ndani ya nafasi moja. Nakutumia leo. Chukua kitabu cha nota, yule mwalimu wako hawezi kukosa nakala, ufuatishe mstari wa sauti ya tatu kwa kidole, kisha uniandikie ni wapi Krenn anaingia na ni wapi Wunderlich anarudi.

Dada yako