Esta: tusiwachanganye wanafunzi

Mhariri,

Maelezo mengi ya kemia husema tu kwamba esta ni kemikali inayoundwa asidi na alkoholi zikiungana, kisha hunyamaza. Mwanafunzi anabaki kubahatisha ni sehemu ipi ya fomula iliyotoka kwenye asidi na ipi kwenye alkoholi.

Tazama CH3CH2CH2COOCH2CH3, esta yenye harufu ya nanasi. Tafuta kwanza kaboni iliyoshika oksijeni kwa bondi mbili. Upande wake wote ni wa asidi, na kaboni hiyo yenyewe huhesabiwa. Hapo ndipo wengi huteleza: wanairuka, wanapata tatu, wanaandika asidi ya propanoiki. Ni nne, kwa hiyo ni asidi ya butanoiki, ile inayonuka kama siagi iliyochacha. Upande wa pili, ulioshikana na oksijeni ya bondi moja, ni ethanoli. Jina linafuata: etili butanoeti, alkoholi mbele, asidi nyuma. Fomula ikigeuzwa na kuanza na CH3CH2OOC, jibu halibadiliki.

Kwenye jaribio la kutengeneza esta nyingine, sentimita moja ya ujazo ya ethanoli, kiasi hicho hicho cha asidi ya ethanoiki isiyo na maji, na matone machache ya asidi ya salfuriki kali hutosha. Pasha ndani ya maji ya moto dakika 5, kamwe si juu ya moto wa wazi, maana mvuke wake huwaka. Kisha mimina kwenye myeyusho wa sodiamu kaboneti. Hatua hii ikiachwa, ukali wa asidi iliyobaki hufunika harufu ya esta, na mwanafunzi huandika kuwa jaribio limeshindwa.

Msomaji wenu, mwalimu wa kemia