Breki zinazozama mlimani na kurudi zenyewe bondeni

Hapa gereji kwetu Iringa kuna lalamiko tunalolisikia kila mara, hasa kwa wenye magari madogo wanaosafiri kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Mtu anashuka mlima wa Kitonga mguu uko juu ya breki, katikati ya mlima pedali inaanza kulegea, kisha inazama hadi karibu na sakafu. Anapambana na gia na hendibreki mpaka gari linasimama. Anapumzika nusu saa, anakanyaga tena: pedali iko juu, breki zinashika kama kawaida. Fundi wa kwanza anayemwona anafungua tairi, anakuta pedi bado nene, anamwambia gari zima.

Gari hilo si zima. Mafuta yake ya breki yamechemka, na mlima ujao yatachemka tena. Ili uelewe kwa nini, inabidi kujua breki inafanya kazi gani hasa.

Breki hailisimamishi tu gari. Inageuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 za kimo bila msaada wa injini, breki zake zinapokea joto la kutosha kuchemsha lita 4 za maji ya bombani. Kitonga ni zaidi ya mita 100. Mwendo nao una hesabu yake: ukitoka 50 kwenda 100 kwa saa, joto la kusimamisha gari haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne.

Kwenye gari dogo, ukikanyaga pedali, buta inayotumia mvuto wa hewa wa injini inaongezea nguvu ya mguu wako. Nguvu hiyo inasukuma masta silinda, masta silinda inasukuma mafuta, na mafuta yanapita kwenye paipu hadi kwenye kila tairi. Mfumo mzima unategemea jambo moja: kimiminika hakibonyei. Unachosukuma huku kinatokea kule. Magari ya siku hizi yana njia 2 za mafuta zinazojitegemea, ili moja ikivuja nyingine ibaki.

Mafuta yakifika kwenye tairi la mbele, mara nyingi yanakuta breki ya diski. Kalipa inabana pedi mbili kwenye diski inayozunguka, moja kila upande. Diski iko wazi, inapigwa na upepo, inapoa haraka. Ndiyo maana iko mbele, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito mwingi unaegemea mbele na breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Magari mengi madogo nyuma yana dramu: viatu vya breki vinatanuka kutoka ndani na kusugua ukuta wa dramu. Dramu ni rahisi, inadumu, inashika hendibreki vizuri, lakini imefungwa, hivyo joto linakaa ndani. Tena dramu ikipata moto inatanuka na kuvikimbia viatu, kwa hiyo pedali inabidi iende mbali zaidi ndipo ishike.

Sasa turudi kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, yanavuta unyevu kutoka hewani. Yanauvuta taratibu kupitia mipira na kifuniko cha chupa yake, hata kama gari limeegeshwa tu. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishapata maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. Kwenye mteremko mrefu, kalipa inaweza kufika huko bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabonyea. Mguu unashuka, lakini nguvu inaishia kwenye kubana mapovu, haifiki kwenye pedi. Gari likipoa mapovu yanarudi kuwa maji ndani ya mafuta, pedali inapanda, na ushahidi wote umepotea.

Hapo ndipo tunapowaomba wateja watusikilize sana. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Tunapokea magari yaliyobadilishwa pedi mara kadhaa na mafuta hayajaguswa tangu gari lishuke bandarini. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, usingoje mlima ukuthibitishie. Na usiongeze maji, wala mafuta ya injini, wala mafuta ya steringi kwenye chupa ya breki. Mafuta hayo ya injini na ya steringi yanavimbisha mipira ya mfumo mzima, na mfumo ukishavimba kazi yake si ya shilingi elfu ishirini tena.

Kuongeza mafuta ya breki yaliyo sahihi nako kuna mtego. Kiwango kinaposhuka polepole, mara nyingi ni kwa sababu pedi zimeisha na pistoni za kalipa zinazozisukuma zimetoka nje zaidi. Kinaposhuka haraka, kuna mahali panavuja. Kwa vyovyote, taa nyekundu ya breki ikiwaka na hendibreki umeshaishusha, kujaza chupa na kuendelea na safari ni kuizima taa, si kutibu gari.

Si kila breki inayokataa imechemka mafuta, na mguu wako ndio unaojua tofauti kabla yetu. Pedali ikilegea na kuzama, fikiria mvuke, hewa au uvujaji. Pedali ikiwa juu na imara lakini gari halitaki kusimama, na kuna harufu kali ya kuungua, pedi zenyewe zimezidiwa na joto, zimepoteza msuguano. Pedi feki hufika huko mapema. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe tangu mwanzo, shuku buta. Hilo unaweza kulipima mwenyewe nyumbani: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, iache chini ya mguu, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, buta inafanya kazi.

Kwa sababu hiyo hiyo tunakasirika tukisikia dereva anazima injini mteremkoni ili kubana mafuta. Injini ikizimwa, buta inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu. Kuweka nyutro nako hakuna faida: injini za kisasa zikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mwendo, zinakata mafuta zenyewe. Shuka na gia nzito, ile ile ambayo ungeitumia kupanda. Kwenye otomatiki tumia L au 2, na kwenye haibridi, yaani gari lenye injini na mota ya umeme, tumia B. Haibridi hupunguza mwendo kwa kugeuza mota kuwa jenereta na kuchaji betri, jambo zuri sana mjini, lakini betri ikijaa katikati ya mlima msaada huo unapungua na diski zinabeba mzigo.

Malori na mabasi makubwa yanatumia upepo badala ya mafuta. Kompresa inajaza matangi, na dereva akikanyaga anafungulia upepo uende kwenye breki. Breki ya kuegesha inashikwa na springi nzito, na upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, springi inafunga. Huo ni usalama mzuri, lakini hauwezi kuziokoa dramu zilizokwisha kuungua. Lori lenye mzigo likianza kushuka kwa kasi, breki zimelegea bila kubanwa, na breki ya injini haitumiki, upepo unaweza kuwa umejaa kwenye matangi na gari lisisimame.

ABS, mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki, watu wanaielewa vibaya. Haiongezi nguvu ya breki. Inapima mzunguko wa kila tairi, na tairi likitaka kujifunga inaliachia na kulibana tena haraka sana, ili usukani uendelee kukutii. Pedali ikitetemeka mguuni, usiondoe mguu, kanyaga hivyo hivyo. Taa ya ABS ya njano ikibaki inawaka, breki za kawaida kwa kawaida bado zipo, ila msaada huo haupo.

Ukizamiwa na pedali mteremkoni: kanyaga haraka haraka mara nyingi, shusha gia moja moja, vuta hendibreki kidogo kidogo ukishikilia kitufe chake, usizime injini. Ukishasimama, weka jiwe kwenye tairi na usimwagie diski maji. Chuma cha moto kikipozwa ghafla kinapinda au kupasuka. Hata pedali ikirudi, usiendelee kushuka kana kwamba yameisha.

Kwetu kazi ya breki huanza kwa kupima unyevu wa mafuta kwa kipimo, mbele yako. Kisha tunafungua matairi yote 4, tunapima unene wa pedi, na zikifika milimita 3 tunashauri zibadilishwe, huku tukikagua mipira, paipu na dramu. Mafuta ya breki tukiyabadilisha tunatoa hewa kwenye paipu zake, tairi kwa tairi, mpaka yatoke safi. Haibridi nyingi zinahitaji kompyuta kwa kazi hiyo, kwa hiyo tupigie kwanza tukutengee muda. Na ukija, mwambie fundi ulikuwa wapi breki zilipokataa, ulikuwa gia gani, na pedali ilikuwa laini au ngumu.