Kwa makocha na manahodha wa timu za mchangani, Dar es Salaam

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wa Temeke, Kinondoni, Ilala na hata ng'ambo Kigamboni. Makombe ya mitaa yanakaribia na nina jambo moja la kuwaambia: vurugu nyingi za mchangani huwa zimeshaandaliwa kabla ya filimbi ya kwanza, na wanaoziandaa ni viongozi, yaani ninyi.

Tazameni saa. Dakika 90 na mapumziko ya dakika 15 ni saa moja na dakika 45. Mechi ikianza saa 11:00 jioni itakwisha saa 12:45, na miezi mingi jua letu huwa limeshazama. Kipa hauoni mpira, refa hauoni mstari, na goli la mwisho linaamuliwa kwa ngumi. Anzeni saa 10:00, ili hata mkifika kwenye penalti muwe bado na mwanga. Mkichelewa, kubalianeni na refa kupunguza kila kipindi kiwe dakika 35, ila makubaliano hayo yafanyike kabla ya mpira kuanza. Ndivyo sheria inavyotaka, na sababu yake ni nzuri: wakati wa mapumziko tayari kuna anayeongoza, naye atataka mechi fupi.

Posho ya mwamuzi imeharibu mechi nyingi kuliko rafu. Mwenyeji akimlipa refa mkononi, tena baada ya mechi, mgeni ana haki ya kushuku kila filimbi. Timu zote mbili zitoe fungu sawa, lipelekwe kwa kamati ya mashindano siku moja kabla, kamati iwalipe waamuzi wote watatu kabla hawajaingia uwanjani. Washika vibendera msiwaokote kwa mashabiki. Offside, yaani kuotea, ikiinuliwa na jirani wa kipa, nani ataikubali?

Halafu kamba. Mstari wa chokaa peke yake hauzuii mtu. Fungeni kamba mita mbili au tatu nje ya mstari pande zote, na nyuma ya goli iwe mbali zaidi, maana pale ndipo watu humsogelea kipa, humtukana na kumrushia mchanga. Bodaboda zikae nje ya kamba. Kila timu itoe watu wanne wa kutuliza mashabiki wake yenyewe, watu wazima wanaoheshimika mtaani, wavae vizibao vya rangi moja. Shabiki husikia zaidi akiitwa jina lake na mtu anayemfahamu.

Nahodha, kazi yako ni ngumu na wengi hamfundishwi. Refa akipuliza msilotaka, wachezaji sita humzunguka, mmoja anamgusa bega, mwingine anamsukuma, kadi nyekundu inatoka, mchezo unavunjika. Kubalianeni chumbani, au chini ya mwembe mnapovalia jezi, kwamba anayesogea kwa refa ni nahodha pekee na wengine wanarudi nyuma. Subiri mpira utoke. Simama hatua mbili kutoka kwake, mikono nyuma, uulize, "Mwamuzi, umeona nini?" Ukisema "Huoni?" umeshamtukana, na hata kama alikosea hatarudi nyuma. Mkiona mmeonewa kwa jambo la kikanuni, kama mchezaji mamluki, yaani wa kukodiwa asiye wa timu, andikeni rufaa ndani ya muda uliowekwa na kamati. Kutoka uwanjani kwa hasira kunawapa wapinzani ushindi wa bure.

Kuhusu mamluki, na vijeba, yaani wakubwa wanaochezeshwa kama watoto, nitasema kwa ukali. Orodha ya wachezaji ifungwe kabla ya mechi ya kwanza, kila jina na picha yake, na kila kocha apewe nakala ya mwenzake. Kwenye mashindano ya watoto kagueni cheti cha kuzaliwa mkiwa na mtoto mwenyewe mbele yenu, kwa sababu cheti cha mdogo mtu hutumiwa na kaka yake. Kijana wa miaka 18 akimkwatua mtoto wa miaka 13 anaweza kumvunja mguu, na kocha aliyemwingiza kijeba huyo ndiye aliyemvunja. Mtoto aliyenyimwa namba kwa ajili ya kijeba naye huacha mpira, wala hakuna anayehesabu hasara hiyo.

Fedha mnazowapa waganga ili wafukie vitu golini nunueni plasta, bandeji, barafu na maji safi. Ufukiaji huo nao huleta ngumi, kwa kuwa wapinzani wakiuona hukataa kuingia.

Mchezaji akigongwa kichwa na akaonekana kuzubaa, au akauliza matokeo ni ngapi wakati goli limefungwa sasa hivi, mtoeni na asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali. Msimvute kwa mikono kumwinua. Kama analalamika shingo, aachwe alivyolala mpaka msaada ufike. Timu yenye mpira iutoe nje, na wapinzani waurudishe kwa heshima bila kusukumwa.

Jumamosi ijayo, makocha wawili wa kila mechi wakutane uwanjani saa 8:30 mchana na refa: mkabidhiane orodha, mpime kamba, mtikise milingoti ya goli kuona kama imesimama imara, na mkubaliane nani ana namba ya simu ya gari la kumpeleka majeruhi hospitali.

Ni mimi mzee wenu wa mchangani.