Malalamiko: kukatwa kodi kwenye riba ilhali nilileta Fomu 15H

Jamnagar, Gujarat
3 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Tawi

Bwana Meneja,

YAH: KODI MLIYOKATA KWENYE RIBA YA AMANA ZANGU ZA MUDA MAALUMU

Riba ya Julai hadi Septemba imeingia juzi. Badala ya rupia 40,000 nimekuta 36,000, na robo iliyotangulia ilikuwa vivyo hivyo. Mmenikata 8,000, ilhali Fomu 15H, yaani tamko la mkazi mwenye miaka 60 na zaidi kwamba hadaiwi kodi hivyo benki isimkate, niliileta Aprili, mwaka wa fedha ulipoanza tu, na nakala niliyobaki nayo ina muhuri wenu.

Karani wa kaunta alinieleza kwamba fomu ilikataliwa kwa kuwa mimi si mkazi wa India. Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha kwenye kompyuta: mahali pa kuzaliwa, Mombasa.

Nimezaliwa Mombasa, naam, wala sifichi. Lakini naishi hapa tangu 1974. Sheria ya kodi ya mapato huhesabu siku ambazo mtu amekaa nchini kwa mwaka, na zikifika 182 basi ni mkazi. Haiulizi mamake alijifungulia wapi. Gujarat ina wazee wengi waliozaliwa Zanzibar, Kampala na Dar es Salaam. Sijui hao mnawafanyaje.

Isitoshe, hesabu yenu wenyewe inawakana. Riba ya asiye mkazi katika akaunti ya kawaida ya rupia hukatwa asilimia 30 na ziada juu yake. Mimi mmenikata asilimia 10, kiwango cha mkazi mwenye PAN, yaani namba ya mlipakodi. Yaani wakati wa kukata mimi ni mwenyeji, wakati wa kupokea fomu nageuka mgeni!

Najua riba yangu ya mwaka inapita rupia 100,000, kiwango kilichowekwa tangu Aprili hii kwa sisi wa miaka 60 na zaidi kabla benki haijaanza kukata. Ndiyo sababu nikajaza fomu. Pensheni na riba nikijumlisha hazifiki 400,000, hivyo kodi yangu ni sifuri. Nilitia sahihi nikijua kwamba tamko la uongo ni kosa la jinai. Dhamana hiyo niliibeba mimi. Yenu ilikuwa kuipa fomu namba ya utambulisho na kuiripoti kwa idara ya kodi. Namba hiyo sijapewa hadi leo.

Sasa, rupia 4,000 za Septemba mna muda hadi tarehe 7 mwezi huu kuzipeleka serikalini. Kama bado mnazo, zirudisheni kwenye akaunti yangu kabla ya siku hiyo. Za Juni najua zimekwisha kwenda. Nipeni Fomu 16A, hati inayoonyesha kodi mliyokata, nizidai kwenye ritani yangu ya kodi, ingawa ni uonevu kumfanya mtu asiyedaiwa kitu angoje mwakani apate chake. Sahihisheni pia kumbukumbu zenu na mnipe namba ya fomu, ili riba ya Desemba isiguswe.

Nataka jibu la maandishi. Siku 30 zikipita bila jibu, nitapeleka shauri kwa msuluhishi wa Benki Kuu ya India.

Wenu,
Mteja mwenye amana tawini hapo

Viambatisho: nakala ya Fomu 15H yenye muhuri, taarifa ya akaunti, Aprili hadi Septemba.