Manowari yako nimeifikisha kwenye praima

Mwanga, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Bibi yako anauliza kama chakula cha bweni kinatosha; hilo utamjibu mwenyewe, mimi nimeshindwa kumridhisha.

Nakuandikia habari za ile destroya, manowari yetu ndogo ya plastiki ya kuunga kwa gundi. Tulikubaliana mimi nifanye bodi, wewe umalizie silaha na vikorokoro vya juu ya sitaha ukija likizo. Kazi yangu imeisha. Nimeishia kwenye praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, makusudi, kwa sababu kinachofuata ni rangi yenyewe, na hiyo inategemea namba utakayoibandika kwenye omo, yaani mbele ya meli. Hiyo sikuchagulii.

Pande mbili za bodi zimeshaungana. Ile gundi ya kichupa chenye brashi inayeyusha plastiki ya huku na huku, ikikauka inakuwa kitu kimoja. Ni kulehemu kabisa, ila bila moto, ndiyo maana mkono wangu uliizoea upesi. Nilibana kwa vibanio vya nguo vya mama yako, nikaigusisha gundi kwenye mshono kwa ndani, ikakimbia yenyewe mpaka mwisho. Kwenye mkuku, ule uti wa chini ya meli, plastiki ilifurika kidogo kwa nje, nikaiacha hivyo hivyo. Ukiigusa ingali teketeke unachimba shimo. Kesho yake unaikuta ngumu, unaipiga msasa. Nilianza na namba 400, nikaja 800, nikamalizia 1200 kwa maji. Kule tezi, yaani nyuma, zinapotokea shafti mbili za pangaboi, palibaki ufa, nikaujaza puti ya gereji. Ukifika pitisha ukucha kuanzia omo hadi tezi. Ukikwama popote, uniambie.

Wewe kitakachokusumbua ni unene. Meli yenyewe, aina ya Fletcher, ilikuwa na urefu wa mita 114 na ushei, na kipimo chetu ni 1 kwa 350, kwa hiyo hii yetu ni sentimita 33 hivi. Sasa mabati ya ubavuni mwa meli zile yalikuwa ya milimita kumi na kitu tu. Mabaharia wa Marekani wenyewe walikuwa wakiziita makopo. Chukua milimita 12, gawanya kwa 350: unapata kitu chembamba kuliko unywele. Hakuna kiwanda kitakachomwaga plastiki nyembamba hivyo, ndiyo maana ngao za bunduki za kutungulia ndege zilizomo kwenye boksi ni nene kama ukuta wa benki. Usijaribu kuzipunguza zote, utazivunja. Kwangua kwa wembe ule ukingo wa juu peke yake, kwa upande wa ndani. Mtu anaangalia ukingo, akiuona mwembamba anaamini ngao nzima ni nyembamba.

Mizinga mikubwa ni mitano, ya milimita 127. Itoboe midomo kwa ncha ya sindano kabla hujaibandika, ukishaibandika hutaifikia. Mirija ya topido, yale makombora yanayopita majini, ni 10, mafungu mawili ya mitano mitano pale katikati. Hiyo ifanye kwa utulivu kuliko kitu kingine chochote, maana ndiyo iliyozifanya manowari kubwa ziyaogope makopo haya. Zile reli za shaba, usizikate kwa mkasi. Zilaze juu ya kioo, ukandamize kisu wima. Na gundi ya plastiki haishiki shaba. Hapo ni supaglu, tone moja kwenye ncha ya njiti ya meno.

Tuje kwenye namba. Marekani iliunda meli 175 za aina hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kwenye boksi letu kuna stika za mbili: 557 na 661.

557 ni Johnston. Najua moyo wako uko huko. Tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar, Ufilipino, kundi la manowari za Japani lilitokea ghafla, na ndani yake ilikuwemo Yamato, manowari kubwa kuliko zote. Kamanda Ernest Evans hakungoja amri. Aliigeuza meli, akawafuata wao, akafyatua topido zote 10, na moja ikaikata omo ya meli inayoitwa Kumano. Kisha akaendelea kupigana na meli iliyokwisha tobolewa mpaka ikazama. Walikuwa mabaharia 327, wakafa 186, na Evans mwenyewe hakuonekana tena. Mabaki ya meli yako chini zaidi ya mita 6,400. Ziwa letu hili la Tanganyika, lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, halifiki hata mita 1,500.

661 ni Kidd. Ndege ya Kijapani iliigonga karibu na Okinawa tarehe 11 Aprili 1945, wakafa watu 38, lakini haikuzama. Leo ni makumbusho kule Baton Rouge, Marekani, na picha zake zimejaa mtandaoni, kila kona, kila valvu. Mimi ningechukua hiyo. Meli ninayoweza kuikagua kipande kwa kipande inanipa raha kuliko iliyobaki kwenye masimulizi. Lakini meli ni yako.

Ukishaamua, tafuta ilipakwaje mwaka unaoutaka, maana mipango ya rangi ilikuwa mingi. Ule wa namba 22 naupenda kwa akili yake. Toka majini hadi usawa wa sitaha kuu ni bluu iliyokoza, ikikatwa kwa mstari ulionyooka sambamba na maji, na juu ya hapo ni kijivu cha ukungu. Anayetazama kwa mbali, bluu inamezwa na bahari na kijivu kinapotelea angani. Sitaha nazo zilipakwa bluu yenye kijivu ili rubani wa juu asizione haraka. Rangi tutapuliza asubuhi na mapema, kabla ziwa halijaanza kuleta upepo na vumbi. Siku ya mvua hatugusi kopo, unyevu unaifanya rangi iote ukungu mweupe.

Na meli yetu ya pili nataka iwe Liemba, ile ya ziwani hapa kwetu. Hiyo hatununui, tutaichonga. Nayo ilikuja hapa ndani ya masanduku, kama hii yako: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapanda meli hadi Dar, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikabeba mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoishia Rufiji. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiwaachie adui, ila kwanza wakazipaka injini grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Urefu wake ni mita 71, kwa hiyo kwa kipimo chetu ni sentimita 20 tu. Meli iliyokuwa kubwa kuliko zote ziwani, utaiona ilivyo ndogo pembeni ya kopo la Wamarekani.

Kwa hiyo ukipanda treni njoo na kipande cha mninga kilichokauka vizuri, kisicho na fundo, urefu usipungue sentimita 25. Huko hakitakusumbua kupata. Leta na msasa namba 1200, wangu umekwisha. Mama yako anaongeza lita moja ya asali, na anasema uionje kabla hujalipa.

Baba yako