Uzi wangu wa kwanza

Jambiani, Jumapili

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Sisi wazima, ila mvua tu. Ulinicheka kwenye simu niliposema najifunza kusokota uzi. Cheka, lakini nisikilize kwanza.

Unavikumbuka vile vigae vya duara vyenye tundu katikati, tulivyosimuliwa kule Kilwa Kisiwani? Watu wa kale wa huko walivichomeka kijiti, wakasokotea pamba. Na Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, pamba waliikuta imepandwa hapohapo kisiwani. Basi nikachukua kigae cha chungu changu kilichovunjika, nikakisugua kwenye jiwe mpaka kikawa duara, nikakigonga msumari. Kikapasuka pande mbili. Cha pili sikugonga, nilizungusha msumari polepole kutwa nzima, kikakubali.

Pamba kaniletea shemeji kutoka Bariadi, na mbegu zake. Kuichambua tu siku mbili.

Mimi nikajidai fundi, maana kamba za makumbi nazisokota tangu sijavunja ungo. Lo! Usumba ni mgumu, mrefu, unashikana wenyewe. Unyuzi wa pamba haufiki hata nusu ya kidole. Ukivuta haraka, umeachana; ukichelewa, msokoto umeshakimbilia palipo pembamba, na palipo panene pamebaki laini, pamevimba kama kiwavi. Halafu kijiti kikining'inia, uzito wa kigae unaukata uzi. Kila mara pu! sakafuni. Aliyefaidi ni paka.

Dawa nimeipata kwenye kifuu cha nazi. Nakaa chini, ncha ya kijiti naitia ndani ya kifuu, mkono wa kulia unakizungusha kama pia ya watoto, wa kushoto unavuta pamba kwa mshazari. Uzi haubebi kitu tena, kazi yake kusokoteka tu. Juzi nimepata pima nne bila kukatika! Nikaukunja, nyuzi mbili nikazisokota pamoja kwa kuzungusha kinyume cha mwanzo, na hapo ukatulia. Kabla yake ulikuwa unajipinda kama una kichaa.

Kanga usitegemee. Nimekutilia kipande ndani ya bahasha, kivute uone. Kifungo cha gauni kinashika, nimejaribu. Vile vya mwanzo, vya viwavi, nimevifanya utambi wa koroboi, maana jana umeme ulikatika tangu magharibi, navyo vimewaka mpaka tukalala.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura